Kazi Nane za Fundi Zagabe

Kila asubuhi, watu wa Kasha kule Bagira, mjini Bukavu, walisikia randa ya Zagabe kabla hawajawasha moto wa chai. Zagabe alikuwa seremala, na mkono wake ulikuwa mzuri. Meza yake haikuyumba. Kabati lake halikupinda hata baada ya misimu miwili ya mvua. Atelie yake, karakana ya useremala, ilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara ya udongo. Ilikuwa na paa la mabati, nguzo sita, na ukuta wa mbao upande wa nyuma. Alifanya kazi pamoja na Gracien, mwanaume wa umri wake. Walijifunza ufundi pamoja.

Mke wake Georgette alimwita Papa Faida, kwa jina la binti yao wa kwanza. Georgette alilima bustani ndogo nyuma ya nyumba, na mchana aliwaletea mafundi chakula.

Zagabe hakuwa mvivu, wala hakuwa mlevi. Alikuwa na tatizo moja. Mtu akija na kazi, mdomo wake ulisema "ndiyo, tutafanya" kabla kichwa chake hakijafikiri. Aliogopa kwamba akimwambia mtu angoje, mtu huyo atavuka barabara na kumpa fundi mwingine kazi hiyo.

Mwezi wa nane ulipokaribia mwisho, kazi zilikuja nyingi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Harusi zilikuwa nyingi. Watu walitaka kutengeneza nyumba kabla mvua haijaanza. Zagabe alikubali kazi zote. Kisha akazianza zote.

Alifanya hivi. Mwenye kitanda akija kuuliza, Zagabe aliweka chini mbao za madawati na kushika kitanda. Mwenye kitanda aliona randa inatembea, akaenda zake ametulia. Baada ya saa moja akaja mwenye rafu. Zagabe akaweka chini kitanda na kushika rafu. Jioni mgongo ulimuuma, lakini hakuna kitu kilichokuwa kimekwisha. Sakafu ilijaa miguu isiyo na meza, na fremu zisizo na dirisha.

Jumatatu moja asubuhi, Maman Cibalonza alikuja.

Cibalonza aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mume wake alikuwa Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu, na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Yeye alikaa na binti zake wawili katika nyumba ndogo, juu kidogo ya atelie.

"Jambo, Papa Zagabe," alisema.

"Jambo, maman. Karibu."

"Mulango yangu iko wapi?"

Zagabe alifuta jasho usoni. "Iko karibu, maman. Inabakia kidogo tu."

"Ulisema siku tatu. Leo iko siku ya kumi na mbili."

Ilikuwa kweli. Mlango wake wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa upande wa chini. Zagabe alikwenda mwenyewe, akautoa kwenye bawaba zake, akaubeba mpaka atelie ili apate vipimo vizuri. Pale nyumbani aliacha turubai likining'inia. Siku tatu tu, alisema.

"Papa Zagabe, nisikilize vizuri," alisema Cibalonza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku kumi na mbili sijafika ku soko. Nyumba nitaiachia nani? Nikitoka, mutu anainua turubai na kuingia. Nafasi yangu ku soko, mwingine alishaikalia. Batoto bangu banakula bugali na majani ya sombe, bugali na sombe, kila siku."

"Pole, maman. Kesho..."

"Usiniambie kesho. Nirudishie ile ya zamani. Hata kama muchwa ilikula chini, ilikuwa inafungika."

Zagabe akageuka kuutafuta ule mlango. Alitazama nyuma ya fremu za madirisha. Aliinua mbao za kitanda. Aliinama chini ya meza ya kazi.

"Gracien, mulango ya Maman Cibalonza tuliweka wapi?"

Gracien aliacha kusugua. "Ile ya rangi ya bluu?"

"Ndiyo."

Gracien akatazama chini. "Papa Zagabe, ile tuliikata. Uliniambia nikate mbao yote ya ile kona, ju ya rafu ya farmasi. Nilizani nayo iko ya rafu."

Rafu za farmasi, yaani duka la dawa, zilikuwa zimesimama karibu na nguzo. Cibalonza akazisogelea. Aliinama na kutazama ubao wa tatu kwa chini. Ulikuwa na rangi ya bluu. Akaugusa kwa kidole. Kisha akageuka, akaondoka bila kusema kitu.

"Ni afazali angepiga kelele," Gracien alisema polepole.

Haikupita saa moja, Cibalonza akarudi. Kichwani alibeba godoro lililokunjwa. Nyuma yake walikuja binti zake. Mmoja alibeba sufuria na mfuko wa nguo. Mwingine alibeba mbabula, jiko lao la makaa. Cibalonza alitupa godoro katikati ya atelie, juu ya maranda ya mbao.

"Maman, unafanya nini?" Zagabe aliuliza.

"Nyumba yangu haifungiki. Vitu vyangu vitakaa hapa, wewe utavichunga. Na mimi nitakaa hapa mupaka mulango yangu itoke."

Alikaa juu ya godoro, akakunja mikono. Binti mdogo akaanza kupanga makaa kwenye mbabula. Georgette aliona kutoka nyumbani, akaja mbio.

"Hapana, mwanangu! Hapa si pa kuwasha moto. Haya maranda yatawaka yote." Kisha akamtazama Cibalonza. "Maman, uko na haki ya kukasirika. Kaa. Lakini njoo upike kwangu, na batoto balale kwangu."

Cibalonza alikubali kwa kichwa. Lakini hakusimama.

Watu waliopita barabarani walianza kusimama. Wengine waliuliza, wengine walicheka. Zagabe alishika randa, akaiweka, akashika nyundo, akaiweka.

Saa sita mchana akaja Papa Placide, mkurugenzi wa shule ya msingi ya jirani. Yeye alikuwa ametoa mbao zake mwenyewe ili Zagabe atengeneze madawati ishirini. Aliruka godoro. Alitazama huku na huku. Aliona miguu ya madawati imelundikwa, lakini hakuona dawati hata moja.

"Papa Zagabe, wewe uko seremala ao uko muchungaji wa magodoro?"

"Mkurugenzi, madawati yanakuja."

"Yanakuja kutoka wapi? Jumatatu ijayo shule inafunguliwa. Batoto makumi sita bataingia. Bakae chini, ku simiti?" Alipandisha sauti ili hata watu wa barabarani wasikie. "Nitarudi kesho saa nne. Nikikuta namna hii, nabeba mbao zangu."

Alipoondoka, Zagabe alisema, "Gracien, acha yote. Tunafanya mulango sasa. Sasa hivi!"

Ukiacha mbao za wateja, walikuwa na mbao mbili tu ndefu na nene za kutosha kwa mlango. Zagabe alizilaza juu ya meza. Vipimo vyake alikuwa na desturi ya kuviandika kwa kalamu ya risasi juu ya vipande vya mbao. Vipande hivyo vilikuwa kumi au zaidi, vimechanganyika na takataka. Alichukua kimoja, akasoma namba, akapiga mstari. Akakata ubao wa kwanza. Akakata wa pili. Msumeno ulilia kwa nguvu, na yeye hakuinua kichwa.

Gracien alichukua ubao mmoja, akausimamisha sakafuni. Ulimfika begani tu.

"Papa Zagabe," alisema. "Mutu atapita namna gani mu huu mulango? Atatambaa?"

Zagabe akachukua tena kile kipande cha vipimo. Mita moja na nusu. Hicho kilikuwa kipimo cha urefu wa dawati. Mlango ulitaka mita moja na santimeta tisini na tano. Kipande cha mlango kilikuwa pale pale, karibu na mguu wake.

Alitupa msumeno chini. Ulianguka na kupiga mlio. Binti mdogo wa Cibalonza akashtuka na kumshika mama yake.

Georgette alikuwa amesimama na sahani ya chakula. "Papa Faida, wewe si muvivu," alisema. "Unaamuka mbele ya watu wote. Lakini toka mwezi kuanza, hakuna hata kitu moja ilitoka humu."

"Niache, Georgette! Niache!"

Sauti yake ilivuka barabara. Upande wa pili, cherehani ya Maman Kulthumu ilinyamaza.

Kulthumu alikuwa mshonaji, mama wa miaka hamsini na kitu. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Uvira, Waislamu, na yeye alishona Bukavu tangu ujana wake. Kabla ya Idi na kabla ya Noeli, nguo zilijaa kwake mpaka dari. Lakini hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alivuka barabara. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni, na kipande cha chaki mkononi. Alimsalimu Cibalonza kwanza. Kisha akasema:

"Papa Zagabe, una kazi ngapi humu ndani?"

"Maman Kulthumu, tafadhali. Sina wakati."

"Najua huna. Ngapi?"

"Tano. Ao sita."

"Hujui. Basi tuhesabu."

Alikwenda kwenye ukuta wa mbao, akaanza kuandika kwa chaki. Aliandika kwa herufi kubwa, na kila mara alitaja kwa sauti. Mlango. Madawati ishirini. Kitanda cha harusi. Rafu za farmasi. Madirisha mawili. Meza ya kanisa.

"Sita," alisema Zagabe.

"Na hiki ni nini?" Kulthumu alivuta mlango mdogo wa kabati kutoka chini ya vumbi la mbao.

Kabati hilo lilikuwa la jirani. Lililetwa mwezi wa saba kutengenezwa. Zagabe alikuwa amelisahau kabisa.

"Na hiki?" Kilikuwa kiti cha miguu mitatu. Mguu wa nne haukuwepo.

Kulthumu aliandika vyote. "Kazi nane. Na nyinyi ni wawili. Hata mimi ningepiga kelele."

"Lakini maman, mbao si kitambaa," Zagabe alisema kwa uchungu. "Wewe unashona nguo, inaisha siku moja. Mimi nikipiga gundi, ninangoja mupaka kesho. Verni ya kung'arisha pia inakauka pole pole. Ni lazima nishike kazi nyingine."

"Hapo umesema kweli. Seremala hawezi kufanya kazi moja tu. Wakati gundi inakauka, shika kazi nyingine. Lakini ipi?"

Zagabe aliokota kipande cha mbao, akakigeuza mkononi.

"Sema ukweli."

"Ile ya mutu mwenye anapiga kelele."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Huyu mama hakupiga kelele siku kumi na mbili. Ulimwacha." Kulthumu alimpa chaki. "Sasa andika wewe. Mbele ya kila kazi, andika siku inayotakiwa. Kisha jiulize: ikichelewa, nani anaumia? Kisha andika hatua iliyobaki. Kukata? Kuunga? Kupaka verni?"

Zagabe aliandika. Mwanzoni aliandika kwa hasira, chaki ikavunjika. Kisha akaenda polepole. Kitanda kilitakiwa Jumamosi, na kilibaki kusuguliwa na kupakwa verni tu. Madawati yalitakiwa Jumatatu. Meza ya kanisa ilitakiwa mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi! Na yeye alikuwa ameshapoteza siku mbili kwa miguu ya meza hiyo. Rafu za farmasi hazikuwa na haraka, kwa sababu farmasi yenyewe ilikuwa bado inajengwa. Mlango ulitakiwa tangu siku tisa zilizopita.

Alirudi nyuma, akatazama ukuta. Gracien naye alitazama.

"Kumbe hata haziko sawa," alisema Gracien. "Mimi nilikuwa naona zote zinawaka moto."

"Sasa sikilizeni," Kulthumu alisema. "Kwangu, kazi zilizofunguliwa hazizidi tatu. Moja iko mikononi. Moja inakauka, au kwangu inangoja vifungo. Moja iko tayari kukatwa. Moja ikitoka nje ya mlango, ndipo nyingine inaingia. Zile nyingine nazifunga kwa kamba, naandika jina la mwenyewe, naweka nyuma. Sizigusi."

"Na vipimo?" Gracien aliuliza.

"Daftari moja tu. Kila mteja na ukurasa wake. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anarudia, ndipo mkasi unakata. Na kila kipande kipigwe alama: M ya mlango, D ya dawati, K ya kitanda. Kipande kisicho na alama kisikatwe."

Gracien alitazama ubao wa bluu kwenye rafu.

"Maman, wewe ulijifunza wapi hii?" Zagabe aliuliza.

Kulthumu alikaa kwenye ukingo wa meza. "Nilishona gauni la bibi-arusi kwa vipimo vya dada yake. Nilikuwa na nguo kumi na nne mkononi. Yule msichana alikwenda harusini amefungwa na pini mgongoni. Kila alipoinama, pini zilimchoma. Nilikuwepo. Nilimwona. Tangu siku ile naandika."

"Sasa hao wengine nitabaambia nini?"

"Ukweli. Leo hii, kabla hawajakuja kwako. Waambie siku ya kweli."

"Batakwenda kwa fundi mwingine."

"Wengine watakwenda. Mimi walinikimbia wateja wanne. Wawili walirudi."

Zagabe alitazama godoro katikati ya atelie yake. Kisha akavaa shati safi na kutoka.

Safari hiyo ilimwumiza kuliko kazi yote ya mwezi. Mwenye madirisha alikasirika, akaja jioni ile ile kubeba mbao zake. Mwenye farmasi alisema, "Hata mwezi ujao, hakuna shida." Philémon, katekista wa kanisa, alikubali jambo kubwa: mbao ndefu za meza ya kanisa zitumike kwanza kwa mlango wa Cibalonza, na Zagabe atafute nyingine kabla ya mwezi wa kumi.

Mwisho alikwenda kwa mkurugenzi. Alimkuta ofisini.

"Mkurugenzi, nimekuja mimi mwenyewe. Madawati ishirini hayatakwisha Jumatatu. Nilikudanganya. Sikujua kama ninakudanganya, lakini nilikudanganya."

Placide aliweka kalamu chini. "Ngapi yatakwisha?"

Zamani Zagabe angesema "kumi na nane." Sasa alihesabu kwa vidole: siku za kukata, siku za kuunga, siku za kukausha. "Kumi," alisema. "Kumi ya kweli."

Mkurugenzi alitazama dirishani. Nje, mtu alikuwa anapaka chokaa ukuta wa darasa. "Basi fanya kumi," alisema. "Hizo kumi nyingine nitampa mwingine. Lakini kama Jumatatu nitaona tisa, usikanyage hapa tena."

Zagabe alirudi nyumbani na huzuni. Amepoteza madirisha, amepoteza nusu ya madawati. Lakini alipofuta madirisha ukutani, na kuandika "10" mahali pa "20", alishangaa. Kifua chake kilikuwa chepesi.

Jumanne asubuhi walianza. Cibalonza alikuwa bado juu ya godoro lake, anatazama kila kitu.

"Mlango wa Maman Cibalonza," Zagabe alisoma katika daftari. "Urefu, mita moja na tisini na tano."

"Mita moja na tisini na tano," Gracien alirudia.

"Upana?" aliuliza Gracien.

Zagabe alisita. Upana wa juu aliuandika. Upana wa chini haukuwepo. Nyumba za kule juu hazikujengwa sawa, na kuta nyingine ziliinama. Zamani angekisia. Sasa alichukua futi, akapanda njia mpaka nyumba ya Cibalonza, akainua turubai na kupima. Chini palikuwa papana zaidi kwa vidole viwili. Kama angekisia, panya wangepita, na maji pia.

Walikata. Walitoboa matundu kwa patasi. Saa tano fremu ya mlango ilikuwa imepigwa gundi na kubanwa. Zagabe aliitazama. Mkono wake ulitaka kuigusa, kuisukuma, kuiharakisha.

"Iache ikauke," alisema Gracien. "Ukutani imeandikwa: madawati."

Wakakata miguu yote iliyobaki ya madawati kwa mara moja, bila kubadilisha kipimo. Mbao mbili zilizokatwa fupi Jumatatu zikawa mbao za kukalia. Urefu wake ulikuwa ule ule. Saa nne ilikuwa imepita zamani walipomwona Placide amesimama barabarani. Hakuingia. Alitazama ile miguu arobaini iliyopangwa kwa mistari, kila mmoja na herufi D. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akaendelea na safari.

Jumatano mchana, mawingu meusi yalipanda kutoka upande wa ziwa. Upepo ulianza kuinua vumbi. Mlango ulikuwa tayari, lakini ulikuwa bado haujajaribiwa mahali pake.

"Twende sasa," Cibalonza alisema. Alikuwa amesimama tayari.

Zagabe na Gracien waliubeba kwenye njia ya mlima. Njia ilikuwa nyembamba, na upepo ulisukuma mlango kama mkono wa mtu. Mara mbili Gracien aliteleza. Cibalonza na binti zake walifuata na godoro. Georgette alibeba sufuria.

Walipofika, Zagabe aling'oa turubai. Waliinua mlango, wakauingiza. Ulikwama.

Cibalonza aliweka mkono mdomoni.

"Ngoja," alisema Zagabe. Alipiga magoti. Jiwe dogo lilikuwa limebaki kwenye kizingiti. Alilitoa kwa patasi. Wakasukuma tena. Mlango uliingia polepole, ukakaa. Zagabe akafunga skurubu za bawaba moja baada ya nyingine. Tone la kwanza la mvua lilipiga bati. Akapachika kitasa. Akatoa ufunguo, akampa Cibalonza.

"Jaribu, maman."

Cibalonza aliingia ndani na watoto wake na vitu vyake. Alifunga. Walisikia ufunguo unazunguka. Mvua ikaanza kwa nguvu. Mafundi na Georgette walibanana nje, chini ya ukingo wa paa, wanalowa miguu.

Ufunguo ukazunguka tena. Mlango ukafunguka. Cibalonza alitoa kichwa.

"Mbona mumebaki inje? Ingieni! Mulango iko, sasa mutu anaweza kusema karibu."

Alhamisi alfajiri aliteremka kwenda kununua sambaza. Nafasi yake sokoni ilikuwa imechukuliwa, kwa hiyo alianza upya mwishoni mwa mstari, karibu na mtaro. Hakumsamehe Zagabe siku ile, wala wiki ile. Lakini alikuwa anauza.

Kitanda kilitoka Ijumaa, verni imekauka vizuri. Jumatatu saa moja asubuhi, madawati kumi yaliingia darasani. Mkurugenzi aliyahesabu mwenyewe, mara mbili. Kabati la jirani na kile kiti vilitoka wiki iliyofuata. Rafu za farmasi zilifuata, na meza ya kanisa ilitoka mwezi wa kumi.

Haikuwa rahisi. Siku moja alikuja bwana mwenye gari, akitaka viti vya sebuleni kwa siku tano. Zagabe alitazama ukuta. Kulikuwa na kazi tatu. "Nitaanza tarehe kumi na mbili," alisema. Yule bwana alipiga ulimi, akapanda gari. Zagabe alisimama na randa mkononi mpaka gari likapotea. Usiku ule hakula vizuri. Lakini asubuhi aliendelea na kazi iliyokuwa mikononi, na Georgette hakusikia tena msumeno ukitupwa.

Mwezi wa kumi na moja, mwalimu mmoja aitwaye Apolline aliagiza kabati la vitabu. Zagabe alimpa siku: Jumamosi ya wiki ya tatu. Jumamosi hiyo Apolline alikuja peke yake, na mkoba mkononi.

"Jambo, fundi. Nimekuja kuuliza," alisema. "Sasa nirudi siku gani?"

"Kuuliza nini, mwalimu?" Zagabe aliondoa kitambaa. Kabati lilikuwa limesimama pale, linang'aa, jina la mwalimu limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi.

Apolline alilitazama, akamtazama Zagabe, akalitazama tena.

"Fundi, nisamehe. Sikuleta mtu wa kubeba," alisema. "Kila fundi niliyemjua, siku ya kwanza anayokupa ni ya kuja kusikia siku ya pili. Sikufikiria kama lingekuwa tayari."

Gracien alicheka mpaka akakaa chini. Zagabe hakucheka. Alifuta mikono yake, akashika kabati upande mmoja, na Gracien akasimama, akashika upande wa pili.

"Tangulia, mwalimu," Zagabe alisema. "Utuonyeshe njia."